Kidole cha Baba

"Usiniite mwanangu wakati unga unaumuka!"

"Sasa nikuite nani? Mkwe?" Baba alijibu kwa upole, akimpangusa binti unga shavuni. Wafungaji mikate wakacheka chini chini.

Hakuwa baba mzazi wa yeyote mle bekarini, lakini nani angethubutu kumwita vingine? Aliwaozesha, aliwauguza, aliwapatanisha na wake zao. Asubuhi hiyo mchoma mikate alipiga chafya. Baba akamrudisha nyumbani akalale, akamsindikiza mpaka njia panda. Tanuri likabaki linawaka bure, na unga umefura hadi nje ya vibati vya kuchomea. Desturi ilikuwa kwamba hakuna kibati kinachoingia motoni kabla Baba hajaubonyeza unga wake kwa kidole kuona kama umeumuka.

Nje, gari la hospitali lililofuata mikate likapiga honi tena.

"Juzi tumewapa mikate iliyonywea kama soksi," alisema binti, ambaye Baba alimbandika jina la Kichwangumu. "Wamesema tukirudia tu, wanahamia kwa wengine. Bonyeza basi!"

"Kwanza watu wanywe chai. Mwenye njaa huunguza mkate. Mambo ya hospitali niachie mimi. Wewe mwenyewe umekonda, na yule mchumba wako bado sijamkubali."

Kichwangumu akawageukia wenzake. "Nyie mna macho. Unga umeumuka, haujaumuka?"

Watu wazima, waliokanda unga nusu ya umri wao, wakamtazama Baba usoni kama vifaranga. Moyo wake ukajaa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawa aliwalea, wakaleleka.

Binti akabeba trei. Baba akajisimamisha mbele ya tanuri, mikono kiunoni.

"Hapa hauchomwi mkate bila mimi. Asiyetaka, mlango ule pale."

Kichwangumu akaitua trei, akanawa mikono, akaingia ofisini. Amekwenda kulia, Baba aliwaza. Atarudi kuomba radhi, nami nitamsamehe. Mtoto ni mtoto.

Alirudi na koti la Baba. Akamvisha, akamfunga vifungo vyote hadi shingoni, akamshika mkono mpaka nje ya kizingiti.

"Kapumzike, Baba. Bekari uliniuzia mwaka jana. Aliyeuza ng'ombe harudi zizini kukamua."

Mlango ukafungwa, komeo likalia, na huko ndani trei ya kwanza ikaingia motoni.