Asante ya Jumanne

Kila mwaka Idara ya Ustahimilivu ilipeleka balaa la kuigiza katika kila nyumba, ili watu wasisahau kukabili yasiyotarajiwa. Mtu mmoja tu wa nyumba ndiye aliyeambiwa siku, na yeye ndiye aliyeigiza. Wengine walitakiwa waseme "asante" kwanza, ndipo wahangaike.

Kwa hiyo Jumanne asubuhi, Shemdoe alipoanguka kando ya meza, mdomo umepinda na uji umemmwagikia kifuani, mkewe Mwanahawa hakupiga hata ukelele.

"Asante," alisema, akazima jiko. Alimlaza ubavu, akampangusa uji, akamwita jirani mwenye gari. Njia nzima alimsifu. "Leo umeigiza, baba Ngwali! Mwaka juzi ulicheka hata kabla hujafika chini."

Hospitalini daktari alimshika mkono. "Ni kiharusi, mama. Mngechelewa kidogo tu, tungempoteza."

"Na wewe wamekufundisha vizuri," Mwanahawa alijibu.

"Mama, hapa hakuna anayeigiza."

Mwanahawa alikaa sakafuni akalia, akamshukuru Mungu kwa kila jina alilolijua.

Jioni Shemdoe alifumbua macho. Maneno yalimtoka kwa shida. "Mimi niliambiwa nianguke Alhamisi."

Mwanahawa alicheka huku machozi yakimtiririka. "Basi usianguke, mume wangu. Nimeshafaulu."

Shemdoe aliubana mkono wa mkewe kwa shukrani, lakini hakuahidi kitu. Idara haikutoa ruhusa ya ugonjwa, na Alhamisi ilikuwa keshokutwa.