Ugali wa Mkandani

Siku hizi kila jiko sharti liwe na mkanda wa kupoza, na ugali haufiki mezani mpaka matonge yake yazunguke chini ya feni. Yakifika, ni magumu kama kokoto.

"Huu ugali au matofali?" nikafoka.

"Poa tu, Mama Sikudhani," akajibu mume wangu, ambaye zamani alikuwa hagusi ugali usiofuka moshi.

"Poa nini? Damu inanichemka!"

Mkanda ukasimama, kisha ukashuka polepole hadi miguuni pangu. "Tafadhali panda," ukasema.

"Panda tu, mke wangu," akaniambia kwa upole. "Mimi nilipanda juzi. Hauumi."

Nikamshika mkono. Ulikuwa umepoa kuliko ule ugali.