Daftari la Wodi ya Zamani

"Zima hiyo sauti! Hawakulia hivyo!"

Wageni wote waligeuka. Mwongozaji wao, waliyempachika jina la Mzuka, alibonyeza simu mfukoni haraka, na kilio cha watoto nyuma ya pazia kikakatika.

Aliyefoka ni bibi mmoja mwenye mkongojo. Siku ya sita hii mfululizo anakata tiketi ya matembezi yale ya kutisha ya historia ya sayansi: kwanza maabara ya sumu, halafu chumba cha kupasulia maiti, mwisho wodi hii, ambako zamani daktari mmoja aliwajaribia chanjo yatima kumi na wawili. Tisa kati yao hawakuliona jua la kesho yake.

"Mbwembwe za kazi tu, bibi," Mzuka alijitetea. "Watu wanakuja hapa watetemeke."

"Walikuwa kimya. Waliahidiwa peremende wakinyamaza."

Kumbe ana ndugu yake humu, Mzuka aliwaza.

Wageni wengine walipotoka, bibi alibaki. Alimng'ang'ania Mzuka mkono.

"Mjukuu wangu, nionyeshe daftari lenye majina yao. Nimezunguka ofisi zote, wananipiga danadana tu. Na moyo wangu huu, daktari ameshaniambia, hauna safari ndefu."

"Haliruhusiwi, bibi. Nitafukuzwa kazi."

Bibi aliuachia mkongojo ukaanguka. Akaanza kupiga magoti, goti moja, kisha la pili, huku akigumia kwa maumivu.

Mzuka hakustahimili. Alimwinua, akamkokota hadi stoo, akafungua kabati na kumwekea daftari mezani.

"Watatu walipona," alimwambia, angalau kumpa moyo. "Huenda wako ni mmojawapo."

"Hao watatu ndio ninaowatafuta," bibi alisema. "Hata nikimpata mmoja tu."

Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Bibi aliweka kidole kwenye jina la kwanza, akalisoma kwa sauti. Akashuka kwenye la pili. Machozi yalimdondoka, lakini hakuyafuta. Mzuka alisimama kando yake, akisubiri kidole kitulie kwenye jina la ndugu yake.

Hakikutulia. Kilipita jina la kumi na mbili, kikashuka hadi chini kabisa ya ukurasa, palipoandikwa: *Muuguzi aliyechoma sindano.*

"Hii sahihi," bibi alisema, "ni yangu."