Kidoa Cheupe

Kwa miaka thelathini Mzee Kombo, fundi viatu, aliweka tumbaku shavuni kila asubuhi. Mkewe, Bi Sikudhani, alipoona kidoa cheupe mdomoni mwake, alimng'ang'ania mpaka akaenda hospitali.

"Si saratani, mzee wangu," daktari alimwambia siku ya majibu. "Lakini usipoacha tumbaku, kidoa hiki kinaweza kugeuka."

Kombo alitoa kikopo cha tumbaku mfukoni, akakiacha mezani kwa daktari. Nje alimkuta mkewe ameshika tama, akamweleza yote.

"Ahsante kwa kunisumbua, mke wangu," alisema. "Peke yangu nisingekuja."

Bi Sikudhani alifuta machozi kwa ncha ya kanga, akamenya chungwa, akampa kipande. Kombo alifumba macho, akatafuna polepole, maji yakimtiririka kidevuni.