Sikio Zima

Pandu alilinyanyua godoro, akaligeuza, akalipiga ngumi. Hakukuwa na kitu chini yake.

"Nnausikia," alisema. "Wiii, wiii. Nyie hamuusikii?"

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mapaa ya Mkunazini, na upepo wa bahari ulikuwa umeanza. Pandu alichoma mishkaki Forodhani kila jioni, kwa hiyo usingizi wake ulikuwa wa asubuhi. Usingizi huo sasa ulimkimbia.

Mama yake, Bi Mwatum, alisimama mlangoni, ushungi ameukaza kichwani.

"Eti?"

"Mluzi, mama! Kama mtu anapuliza kwa mbali."

Bi Mwatum alimgeuzia sikio la kulia. La kushoto lilikufa tangu ujana wake, enzi za marehemu mumewe, na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu. Alitulia kidogo, akatikisa kichwa.

"Mimi sisikii kitu, mwanangu. Muulize mkeo. Yeye ndiye fundi wa mambo hayo."

Nadhira alikuwa akikunja nguo pembeni. Aliinamisha uso wasimuone anavyotabasamu.

Tangu Pandu alipompiga kibao kwa sababu ya mchuzi ulioungua, sikio lake halikunyamaza. Mlio mwembamba, mchana kutwa na usiku kucha. Alisahau kulala kulivyo. Akawa analia bila sababu, anasahau majina ya majirani, anashtuka kijiko kikianguka. Pandu aliwaambia watu kwamba mkewe aliteleza ngazini, na kwamba huo mlio ni wazimu. "Wiii, wiii," alimwigiza mbele ya wageni. "Gari la wagonjwa hilo, mpisheni!" Wageni wakacheka. Sasa alikuwa anataka kumpa talaka na kumrejesha kwao Makunduchi, akiwa na jina la mwendawazimu.

Nadhira hakutaka kubaki. Alitaka kitu kimoja tu: Pandu aseme kwa kinywa chake, mbele ya baba mkwe wake, nini kilitokea. Mtu mwengine aliyeona ni Bi Mwatum. Siku ile alikuwa papo hapo jikoni. Aliona, akainama kuokota sufuria, hakusema neno. Hilo Nadhira hakumsamehe.

Kwa hiyo kila aliposwali aliomba dua moja. Mola wangu, na yeye asikie ninachokisikia.

Na sasa Pandu alisikia. Nadhira alijaribu kuusikiliza huo mluzi, lakini mlio wa sikio lake ulifunika kila kitu. Haukumshughulisha. Macho mekundu ya Pandu yalimtosha.

Pandu alipofunga dirisha, mluzi ulizidi. Alipomleta rafiki yake Ayoub aje kuusikiliza, ukanyamaza. Siku hiyo hakukuwa na upepo hata wa kutikisa pazia.

"Kalale, ndugu yangu," Ayoub alimwambia. "Mwisho tutakukuta unazungumza na mishkaki."

Pandu alitaka kuhamia sebuleni. Mama yake akakataa. "Mwanamme mzima ulale njiani mwa wageni? Rudi chumbani kwako." Baadaye akawa anausikia mluzi hata Forodhani, katikati ya moshi na kelele za watalii. Akaunguza nyama, akamtukana mteja, akakaa chini na kulia.

Ndipo Bi Mwatum alipoamua afanyiwe kisomo. "Nshamwita na baba yako," alimwambia Nadhira. Nadhira alijua kwamba siku hiyo ndiyo atakayokabidhiwa, kama chombo kibovu kinavyorejeshwa dukani.

Siku ya kisomo, wanaume walikaa sebuleni, wanawake nyuma ya pazia. Ubani ulifuka. Jirani yao, Bi Ummkulthum, aliiangalia chupa ya marashi iliyowekwa mkekani.

"We Bi Mwatum, marashi kwenye plastiki? Uko wapi ule mrashi wako wa fedha wa kunyunyizia, wenye shingo ndefu?"

"Eti?"

"Mrashi! Wa fedha!"

"Nimeuazimisha."

Upande wa pili mwalimu aliyeitwa kusoma alifungua msahafu, kisha akaufunga kidogo juu ya kidole chake. "Pandu, kama kuna mtu uliyemdhulumu, mtake radhi kwanza. Tusije tukasoma bure."

Pandu alitazama mkeka.

"Hakuanguka ngazini," alisema. "Nilimpiga kibao cha sikio. Nadhira, niwie radhi."

Sauti ya Nadhira ikatoka nyuma ya pazia, taratibu.

"Sijasikia. Sikio langu lina mlio. Sema tena."

Akasema tena, kwa sauti kubwa, huku analia. Mzee Shaame, baba yake Nadhira, akasimama.

"Kusanya vitu vyako, mwanangu. Unarudi nyumbani, na kila aliyekaa hapa anajua kwa nini."

Nadhira aliingia chumbani kufunga mizigo. Upepo ulikuwa umerudi, pazia linapepea. Bi Mwatum akaingia nyuma yake, akafunga mlango.

"Mama, mimi nnakwenda," Nadhira alisema bila kumtazama.

"Eti?"

"Nnakwenda!"

Bi Mwatum aliingiza kidole ndani ya ushungi. Kwenye sikio la kulia, lile zima, akatoa kitonge cha pamba. Akakunja uso, kama mtu aliyepigiwa mluzi ghafla, akanyoosha mkono juu, kwenye tundu la hewa baina ya boriti na ukuta, unakopitia upepo.

"Panda kiti, mwanangu," alisema. "Niteremshie mrashi wangu."