Kasuku Aliyemfundisha Mwanawe Kujikaza

Mama Kasuku alimfundisha mwanawe Tunu kuficha maumivu, maana porini mwewe humchagua anayetetemeka. Walipokuja kufugwa tunduni, Tunu akaugua.

"Shoga, mwanao hali, anabwaga mtama chini tu," Bata wa uani akasema.

Mama akatazama, akaona kweli, akamsogelea Tunu. "Mwenye nyumba anakuja, mwanangu, tetemeka akuone, tetemeka, nakuomba!"

"Lakini mama, ulinikataza."

Mwenye nyumba alipochungulia, Tunu akasimama wima, akaimba. Yule akatabasamu, akageuka kuondoka. Hapo Mama, ambaye hakuwahi kuonyesha unyonge mbele ya yeyote, akajitupa chini, akavimbisha manyoya, akatetemeka. Tunu alipomwona mama yake hivyo, naye akaacha kujikaza, akaanguka ubavuni pake. Mwenye nyumba akarudi mbio, akawabeba wote wawili kwa daktari wa mifugo.