Zamu ya Nyamizi

Diwani Nyamizi aliposimama na kudai dua ziondolewe kwenye vikao vya halmashauri, wenzake walimcheka. Mwenyekiti Mihambo, mpenda haki kwa maneno yake mwenyewe, akakata shauri: dua zibaki, ila kila diwani aombe kwa zamu, kwa imani yake.

"Hata wewe, mama," akamwambia, "kama unayo."

Zamu yake ikafika. Madiwani wakasimama, wengine wamefumba macho, wengine wamekunjua viganja. Nyamizi hakutaka kuomba. Alitaka kikao kianze, barabara ya kata yake ijadiliwe. Lakini zamu ni zamu. Akachukua chupa ya maji iliyokuwa mbele yake, akaifungua, akainama kama alivyokuwa akiinama mama yake wakati wa tambiko, akaanza kumimina sakafuni polepole.

"Mliotutangulia katika mji huu," akasema, "pokeeni maji, mtupoze."

"Uchawi huo, jamani!" mtu akanong'ona nyuma.

Nyamizi hakugeuka. Aliwaita wazee wa zamani mmoja mmoja kwa majina yao, na maji yakazidi kutambaa juu ya vigae kuelekea meza kuu. Yalipokaribia kiatu chake, mwenyekiti akanyanyua mguu kuyakwepa.

"Nawe Mihambo wa Lugusha, mchimba kisima chetu cha kwanza," Nyamizi akaita, "babu wa mwenyekiti wetu, karibu unywe."

Mguu ukabaki hewani. Ukumbi mzima ukangoja kuona atauweka wapi.